UZI: Ufunguo orijino wa gari la spoti la zamani husomwa ndani ya kitasa

MzeeWaTupa

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache naletewa swali lilelile. Mtu kapata gari lake la spoti la miaka ya sitini, ufunguo unaingia ila haugeuki, au unageuka mpaka uubembeleze, na anataka kujua anunue kitasa gani kipya. Jibu langu ni moja: usinunue kitu bado. Namba ya ufunguo wako unayo tayari. Imegongwa kwenye chuma na gari linatembea nayo tangu lilipotoka kiwandani.

Nianze na kisa. Rafiki aliniletea MGB, gari la spoti la Kiingereza, yenye ufunguo mmoja tu, umelika mpaka meno yamekuwa kama vilima vya mchanga baada ya mvua. Mlango wa kulia ulikubali ukivuta ufunguo nje kidogo, unywele mmoja hivi, ndipo ugeuze. Wa kushoto ulishasusa siku nyingi. Alikuwa ameshachongesha funguo tatu mpya na zote zilikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza.

Hapo hakuna muujiza. Mashine ya kunakili ufunguo hufuata kile ilichopewa, ulikaji ukiwemo. Jino lililolika kidogo kwenye ufunguo wa kwanza linahamia kwenye wa pili, mashine nayo inaongeza kosa lake, wa tatu unarithi yote mawili. Ukifika wa nne mtu anaanza kukilaumu kitasa.

Tulifungua paneli ya ndani ya mlango, nikachomoa kibanio kinachoshika silinda, nikaitoa juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kwa makusudi. Zile springi ndogo zikiruka kwenye sakafu ya gereji ndiyo basi, hata sumaku haitakusaidia kama ni za shaba. Nikaisugua silinda kwa mswaki na petroli. Nongo ilipotoka, ubavuni zikaonekana herufi mbili, FS, na tarakimu tatu mbele yake.

Tukapeleka namba kwa mchongaji. Ufunguo wa zamani tuliuacha mezani. Ule mpya ulipokuja, milango yote miwili iligeuka kwa vidole viwili.

Sasa hiyo FS. Kwa magari ya Uingereza ya kipindi kile, vitasa vingi vilitoka Wilmot Breeden wa Birmingham, na mfululizo wa FS unaanza 876 hadi 955. Piga hesabu: funguo 80 tu. Kampuni ya Union, ya Willenhall, mji uliokuwa ukiishi kwa kutengeneza makufuli, ilikuwa na mfululizo wa MRN wenye namba 1 hadi 50. Kwa hiyo namba za siri zilizokuwa zinalinda MG na Triumph na Austin-Healey ukizimwaga zote mezani hazijazi kikapu.

Kuna na faida yake. Kwa sababu ni chache, vipimo vya kila namba vinajulikana. Mwenye orodha anachonga ufunguo wako kama ulivyotoka siku ya kwanza bila kuuona wa zamani.

Nitaendelea. Maswali yakaribishwa.

---

KromuSafi

Mzee, kwa hiyo mwenye kishada cha funguo 80 alikuwa anatembea na ufunguo malaya wa nusu ya barabara?

---

MzeeWaTupa

@KromuSafi ndiyo, na wenye gereji walikuwa na vishada hivyo. Mteja kapoteza ufunguo, fundi anajaribu mmoja baada ya mwingine mpaka ugeuke. Ukiwa na bahati ni wa tano, ukiwa na mkosi ni wa 78 na mteja kasimama pembeni anaangalia saa.

Ndiyo maana nasema kitasa cha gari la zamani ukipende kwa urembo na historia yake. Ulinzi uutafute kwingine.

---

Mgeni77

Wakuu mimi ni mgeni humu na ni mgeni kwenye magari haya. Nami nina MGB. Naomba Mzee ueleze huko ndani kuna nini, maana mnasema silinda, springi, mimi naona tundu tu.

---

MzeeWaTupa

@Mgeni77 karibu. Silinda ndiyo sehemu inayogeuka na ufunguo. Imetobolewa matundu membamba kwa mstari, na kila tundu lina kisahani cha shaba ya manjano chembamba kama ukucha, chenye dirisha katikati. Ufunguo unapita kwenye madirisha hayo. Ukiwa nje, springi zinasukuma visahani vitokeze upande mmoja, vinang'ang'ania kwenye mfereji wa nyumba ya kitasa na silinda haigeuki. Ukiuingiza ufunguo sahihi, kila jino linainua kisahani chake kwa kiasi chake, vyote vinalala sawasawa na mwili wa silinda, njia inafunguka.

Madirisha ya visahani hayako kimo kimoja. Moja liko juu, jingine chini, na mpangilio huo ndio ufunguo wenyewe. Vingi vimegongwa tarakimu ndogo, 1, 2, 3, na kadhalika. Kwa hiyo hata namba ya ubavuni ikiwa imefutika, unavisoma visahani kimoja kimoja na unapata meno yote bila kubahatisha.

Jaribio moja la muhimu: toa silinda nje, ingiza ufunguo ulionao, pitisha kidole juu yake. Kisahani kikibaki kimechomoza upande ule ambao springi zinakisukumia, jino lake limelika, halikiinui vya kutosha. Kikichomoza upande wa pili, jino liko juu mno, limechongwa pungufu. Sasa unajua jino gani na kosa gani, na hujatumia hata senti.

Hatua kati ya kina kimoja cha jino na kingine ni chini ya milimita moja. Usishangae ufunguo "unaofanana kabisa" kugoma.

---

Dada_Karabureta

Naongeza upande wa Marekani, maana Mzee hapo ana upendeleo wake kwa Waingereza 😀

Nina Corvette ya 1967. Ilikuja na funguo mbili na mmoja una kitundu cha umbo la yai kwenye kichwa. Nilidhani kuna mtu alitoboa apitishe kamba. Nilikaa na ujinga huo miaka miwili.

---

MzeeWaTupa

@Dada_Karabureta hebu malizia mwenyewe, naona unajua jibu.

---

Dada_Karabureta

Haya. Vitasa vya General Motors vilitengenezwa na Briggs & Stratton. Gari lilipotoka jipya, kichwa cha ufunguo kilikuwa na kipande kidogo kilichokatwa nusu-nusu, kimeshikiliwa kidogo tu, na juu yake imegongwa namba. Mwenye gari alitakiwa akigonge kipande kitoke, akihifadhi nyumbani, abaki na ufunguo wenye tundu na usio na namba. Hata ukimwachia mtu ufunguo aliegeshe gari, hana cha kunakili kichwani.

Kwa hiyo ukikuta ufunguo wa GM wa zamani ambao kipande chake bado kipo, usikiguse! Huo ni ufunguo ambao mwenye gari wa kwanza hakufuata maelekezo, na uvivu wake ndio uliokuachia namba.

Kingine ni herufi. Kuanzia 1967 GM walibadilisha njia ya ufunguo kila mwaka: 1967 ni A na B, 1968 C na D, 1969 E na H, 1970 J na K, kisha 1971 wanarudi mwanzo. A, C, E na J ni za kuwashia, kichwa cha mraba. B, D, H na K ni za buti na droo ya dashibodi, kichwa cha duara. Mtu akikuuzia Corvette ya 1967 na ufunguo wake wa kuwashia una E, muulize vizuri hiyo swichi ilitoka wapi.

---

Springi

Dada hapo umenifungua macho. Mimi nina tatizo la ufunguo wa pili wa GM, haupo kabisa. Buti limefungwa. Nichimbe?

---

Dada_Karabureta

@Springi usichimbe chochote. Toa kitasa cha droo ya dashibodi, kinatoka kirahisi. Ufunguo ni huohuo wa buti, ila kitasa cha droo kina visahani vinne tu wakati ufunguo kamili una meno sita. Kwa hiyo droo inakupa manne. Mawili yanayobaki mchongaji anayatafuta kwa kujaribu, na machaguo yake ni machache. Ni kazi ya mchana mmoja, buti lako linabaki na rangi yake.

---

MzeeWaTupa

Hilo la droo liandikeni mahali. Na si la GM peke yake kimawazo: kitasa ambacho hakitumiki sana ndicho shahidi mzuri. Mlango wa dereva umefunguliwa mara elfu nyingi, visahani vyake vimelika pamoja na ufunguo. Mlango wa abiria, droo, buti, hivyo havijachoka. Soma hivyo kwanza.

Na swichi yenyewe inaweza kukuambia umri. Corvette ya 1968 unaiwashia kwenye dashibodi, ya 1969 kwenye nguzo ya stelingi, kwa sababu GM walihamisha swichi huko na kuifanya ifunge stelingi, mwaka mmoja kabla kanuni ya Marekani haijaanza kutumika tarehe 1 Januari 1970. Ulaya hizo loku za stelingi zilikuwapo zamani zaidi. Wafaransa mpaka leo swichi ya namna hiyo wanaiita "neiman", kwa jina la kampuni iliyoitengeneza.

---

KromuSafi

Na Porsche je? Nataka kusikia ile hadithi ya ufunguo wa kushoto.

---

MzeeWaTupa

Nilijua itafika 😂

Haya. Zamani mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, yalianza madereva wakiwa ng'ambo ya barabara. Bendera ikishuka, mbio mpaka kwenye gari. Ufunguo ukiwa kushoto mwa usukani, dereva anawasha kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaingiza gia. Porsche wanaipenda hadithi hiyo, na gari lao la 911 linaendelea kuwashwa kwa mkono wa kushoto.

Watu huwa hawasemi iliishaje. Mwaka 1969 dereva Jacky Ickx, akipinga hatari ya madereva kuondoka bila kufunga mikanda, aliamua kutembea. Wenzake wanakimbia, yeye anatembea taratibu mpaka kwenye Ford GT40 yake, akafunga mkanda, akaondoka wa mwisho. Baada ya saa 24 yeye na Jackie Oliver walishinda, na waliyemwacha kama mita 120 tu nyuma ni Porsche 908. Mwaka uliofuata madereva walianza wakiwa wameketi ndani na mikanda imefungwa. Ufunguo wa kushoto ulibaki kama kovu la vita vilivyokwisha.

Tukirudi kwenye kazi: vitasa vya Kijerumani vya namna hiyo vingi vinatoka Velbert, mji ambao umejaa watengeneza vitasa mpaka una makumbusho yake ya vitasa. Huf, jina utakalolikuta sana, ilianza huko mwaka 1908 kama Hülsbeck & Fürst. Kwa Porsche 356 na 911 za mwanzo, toa kitasa cha mlango utafute namba iliyogongwa kwenye chuma chake, kisha ilinganishe na kadi ya kiwanda, ile inayoitwa Kardex, ambako namba za funguo ziliandikwa. Vikikubaliana, mlango wako haujabadilishwa kitasa tangu kuzaliwa. Mnunuzi makini hulipia hilo.

---

Springi

Mzee mimi nilikuwa na fundi aliyesema ufunguo ukigoma dawa ni tupa kwenye visahani. Alifanya kwenye gari langu la kwanza na kweli ulianza kugeuka laini.

---

MzeeWaTupa

@Springi pole sana, ulipewa hasara iliyofungwa kama zawadi.

Nieleze, maana hili linaniuma. Fundi anaingiza ufunguo uliolika, anaona visahani vimechomoza, anachukua tupa na kuvisawazisha mpaka viwe sawa na silinda. Ufunguo unageuka, mteja anafurahi, analipa. Kilichotokea ni kwamba kitasa kimelazimishwa kuufuata ufunguo mbovu. Kisahani kilichopigwa tupa kimefupishwa, hakishiki tena mfereji vizuri. Baada ya muda bisibisi inageuza. Na ukija kuchonga ufunguo sahihi kwa namba ya kiwandani, unagoma, kwa sababu hakuna tena kitu kinachoitwa sahihi mle ndani.

Jina langu humu ni MzeeWaTupa, na tupa yangu haijawahi kugusa kisahani. Kisahani kibovu hubadilishwa. Unachukua chenye tarakimu ileile kutoka kitasa kilichokufa. Ndiyo sababu silinda za zamani hazitupwi, hata zikiwa na nyufa. Nina kopo zima.

---

Dada_Karabureta

Na moto! Msiweke moto kwenye silinda iliyokwama. Nyumba nyingi za vitasa ni aloi ya zinki iliyomiminwa, inayeyuka karibu nyuzi 385. Niliwahi kuona mkono wa mlango umekunjamana kama mshumaa.

---

KromuSafi

Mafuta gani basi? Mimi huwa napulizia mafuta ya kulegeza kutu, ya kopo.

---

MzeeWaTupa

Ya kopo yanafaa kulegeza na kusafisha, kisha yafute. Ukiyaacha yanakamata vumbi, vumbi na mafuta vinakuwa msasa, na msasa ndio uliotuleta hapa. Milangoni na kwenye buti tumia grafiti ya unga, kidogo mno, kiasi cha kutia rangi kwenye ufunguo.

Lakini kwenye swichi ya kuwashia hapana. Grafiti inapitisha umeme, na nyuma ya swichi kuna nyaya na viunganishi.

Funguo zenyewe zinazoonekana za fedha hazina fedha hata chembe. Ni shaba, nikeli na zinki. Zilipendwa kwa sababu ni ngumu kuliko shaba ya manjano na hazifanyi kutu. Ukichongesha upya omba chuma hicho.

---

Springi

Kuna mtu ana ule ufunguo wa T wa Jaguar E-Type? Niliuona kwenye picha nikadhani ni wa bomba la maji.

---

MzeeWaTupa

Ha! Huo ni wa boneti. E-Type za mwanzo kabisa, za 1961, karibu 500 za kwanza, hazikuwa na mkono wa kufungulia boneti kutoka ndani. Unazunguka gari, unachomeka ufunguo wa T kwenye tundu la ubavuni, unageuza, unahamia upande wa pili. Jaguar waliachana nao mwaka huohuo. Ukiuona kwenye boksi la vyuma chakavu nyamaza, ulipe, uondoke nao.

---

Mgeni77

Wakuu nimerudi. Nimetoa silinda ya mlango wa abiria kama Mzee alivyosema, kitambaa cheupe na kila kitu. Namba ipo! Ni FS 9xx, nimeficha mbili za mwisho kwa usalama.

---

Springi

@Mgeni77 umejificha nyuma ya ufagio, mkuu 😂 Mfululizo unaishia 955. Umeshatuambia ni moja kati ya 56.

---

Mgeni77

Duh. Basi hata hiyo 9 naifuta.

Swali: swichi ya kuwashia usoni ina namba tofauti kabisa. Ina maana ilibadilishwa?

---

MzeeWaTupa

Usihukumu mapema. Magari mengi ya Kiingereza yalitoka kiwandani na ufunguo mmoja wa kuwashia na mwingine wa milango. Kwa MG kuna njia ya kujua: Makumbusho ya Magari ya Uingereza, Gaydon, hutoa cheti kutoka kumbukumbu za kiwanda, na mara nyingi namba za funguo zimo pamoja na namba ya injini na tarehe ya kutengenezwa. Agiza hicho kabla hujafungua swichi.

Wakati unasubiri, chongesha huo wa FS kwa namba na ujaribu kwenye buti.

---

Mgeni77

Nimejaribu leo asubuhi. Mlango wa abiria, sawa. Wa dereva unakwama kidogo ila unageuka. Buti, ambalo halijafunguka tangu ninunue gari, limefunguka.

Ndani kuna jeki, spana ya tairi, na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. Ni swichi nyingine ya kuwashia, nyaya zimekatwa. Ina namba usoni na si ile iliyoko kwenye dashibodi. Cheti nimekiagiza. Kikifika naweka namba zote mbili hapa, tarakimu za mwanzo zikiwa zimefichwa safari hii.